Hatua Tatu za Raningibeki

SWALI: Mhariri, hapa Moshi tunakesha kutazama futiboli ya Marekani. Yule anayesimama nyuma ya kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) hupewa mpira, anaingia kwenye rundo la watu na kupata hatua tatu tu. Ana faida gani? – Msomaji, Majengo

JIBU: Huyo ni raningibeki, na hatua tatu si haba, ndugu msomaji. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. La kwanza likileta yadi 4, walinzi hawajui kama itafuata mbio au pasi. Likitoka kapa, wanajiandaa kwa pasi.

Siku nyingine mtazame raningibeki anavyopokea mpira: kiwiko cha upande wa kotabeki kiko juu, mkono mwingine umekinga tumboni, macho yake yanatazama mwanya kati ya wachezaji. Akiunyooshea mikono, ni rahisi udondoke. Akishaufumbata, vidole hufunika ncha ya mbele, ya nyuma hubanwa kwenye kiwiko, na mpira hukaa mkono ulio mbali na mpinzani. Wanaoanza hutimka mapema mno, kabla mwanya haujafunguka, wakajigonga kwenye migongo ya wenzao.

Kazi tunayoiheshimu zaidi ni kumkinga kotabeki. Mlinzi akichomoka ghafla, raningibeki ndiye wa kumzuia. Akimkosa, kotabeki yuko chini.

Na hudaka pasi pia. Msimu wa 2019 raningibeki Christian McCaffrey alipita yadi 1,000 kwa kukimbia, na 1,000 nyingine kwa kudaka.