Paneli za taa za ukutani: pesa yako iende kwenye kisanduku

Kila anayetaka kuanza kutengeneza paneli za taa za LED huuliza kwanza anunue stripu gani, yaani ule utepe wenye vitaa vya LED. Jibu langu huwakera kidogo: nunua yoyote iliyo nzima, halafu tuongee mambo ya maana.

Hapa Dar, ukiingia sebuleni kwa mtu Mbezi, au saluni ya Sinza, ukakuta paneli za pembesita zinang'aa ukutani kwa mwanga laini, kilichokuvutia siyo LED. LED hata huzioni. Unachokiona ni ubao uliokatwa sawasawa, rangi nyeupe ya ndani, na kifuniko kinachotandaza mwanga. Stripu iliyomo kwenye paneli mbaya na iliyomo kwenye paneli nzuri mara nyingi zimetoka duka moja la Kariakoo. Tofauti imo kwenye kisanduku, na hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapobana matumizi. Mtu anatoa hela yote kwenye stripu ya rangi kumi na sita yenye rimoti, akifika nyumbani anaibandika kwenye plaiwudi na kuifunika kwa karatasi ya A4. Akiwasha anaona vidoa vidoa, anasema Wachina wamemuibia.

Tuanze na vidoa hivyo. Stripu ya kawaida inauzwa kwa roli la mita 5, vitaa 60 kwa kila mita. Kutoka kitaa kimoja hadi kingine ni kama milimita 17. Ukiilaza nyuma ya kisanduku ikitazama mbele, kifuniko kisikae karibu zaidi ya hizo milimita 17, na ukikipa sentimita 2.5 vidoa vinapotea kabisa. Kipimo hichohicho ndicho cha nafasi kati ya mstari na mstari. Ukishawishika na stripu ya vitaa 30 kwa mita kwa sababu ya bei, nafasi inakuwa milimita 33, kwa hiyo kisanduku lazima kinenepe. Ulichookoa dukani unakilipa kwenye mbao.

Usiniamini kwa maneno. Usiku zima taa ya chumba, tandaza kipande cha stripu mezani, kiwashe. Shika kifuniko ulichonunua kwa mikono miwili, kigusishe kwenye stripu, kisha kipandishe taratibu huku rula imesimama pembeni. Mwanzo utaona nukta kali, kila moja na duara lake. Ukipandisha, maduara yanaanza kugusana. Ukipandisha zaidi kidogo, yanamezana na kuwa utepe mmoja wa mwanga. Soma rula pale. Hicho ndicho kina cha kisanduku chako kwa stripu hiyo na kifuniko hicho, na ukibadilisha kimojawapo unapima upya. Fanya hivi kabla hujakata ubao hata mmoja.

Mimi napendelea mpango mwingine: stripu inabandikwa kwenye kuta za ndani za kisanduku, pande zote sita, vitaa vikitazamana katikati. Mwanga unagonga nyuma iliyopakwa nyeupe ndipo unatoka. Inatumia stripu kidogo, na katikati panafifia kiasi, jambo ambalo kwa macho yangu linapendeza kuliko paneli inayong'aa kama ubao wa tangazo. Kina cha sentimita 4 kinatosha, na stripu ikae karibu na nyuma, mbali na kifuniko. Rangi ya ndani iwe nyeupe isiyong'aa, hata rangi ya maji ya dari inafaa. Kuna wanaobandika karatasi ya fedha ya jikoni wakidhani itaongeza mwanga. Inarudisha mwanga kwa mabaka, na ikigusa shaba za stripu unapata shoti.

Sasa vipimo. Stripu ya 12V yenye vitaa 60 kwa mita inakatwa kila baada ya vitaa vitatu, yaani kila sentimita 5, pale penye mstari na alama ya mkasi. Ukikata kwingine, vile vitatu vya kipande hicho haviwaki. (Ya 24V kwa kawaida hukatwa kila baada ya vitaa sita, soma alama zake.) Kwa hiyo upande wa ndani wa kisanduku uwe 10, 15 au 20, usiwe 13. Pembesita yenye upande wa ndani wa sentimita 15 inakula sentimita 90, na roli moja linatoa paneli tano na nusu mita ya kubaki. Ukitumia ubao wenye unene wa sentimita 1, upande wa nje utakuwa kama sentimita 16.2. Wengi wanapima nje, kisha wanashangaa stripu inapinda kwenye kona.

Kila ncha ya ubao ikatwe kwa nyuzi 30 kutoka mkato wa mraba. Pembesita ina ncha kumi na mbili, na kosa la nusu nyuzi kwenye kila moja linajumlishwa: ukifika ubao wa mwisho unakuta pengo la nyuzi 6, na pengo hilo huvujisha mwanga ukutani. Kama huna msumeno wa mashine, usijitese na wa mkono. Nenda Keko kwa mafundi samani, chagua mabaki ya mbao, mlipe fundi akukatie vipande vyote thelathini kwa mpigo mmoja, mashine ikiwa imefungwa palepale bila kuguswa. Mwambie aweke kizuizi cha urefu. Kisha vipange vipande sita kwenye tepu, kimoja baada ya kingine, uvikunje bila gundi. Vikifunga vizuri, ndipo utie gundi.

Kwenye kifuniko nasisitiza: akriliki, ile plastiki ngumu ya mabango, nyeupe ya rangi ya maziwa, milimita 3. Shiti nzima ni ghali kwa anayeanza, lakini wanaotengeneza mabango huwa na vipande vilivyobaki, na kwa paneli ya ukubwa huu unahitaji kipande cha sentimita 28 kwa 33 tu. Kama mfuko haujaruhusu, kioo cha fremu ya picha na karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, vinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ya A4 inakula mwanga na inageuka njano.

Kununua stripu nako kuna ustaarabu wake. Kariakoo muuzaji atakwambia, "Bosi, hii orijino." Mwitikie kwa heshima, kisha umwombe, "Basi kaka, niwashie roli zima." Akikataa, salimia uende duka la pili. Akiwasha, subiri dakika tano huku mnapiga stori. Linganisha mwanga wa mwanzo wa roli na wa mwisho, maana kupungua kidogo mwishoni ni kawaida, ila ukiona mwisho umefifia waziwazi, shaba yake ni nyembamba. Gusa: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza iache. Kama utahitaji roli mbili, zitoke boksi moja. Na kwa kazi ya ndani ya nyumba chukua isiyo na silikoni juu. Yenye silikoni ni ya nje, inashika joto na kukusumbua wakati wa kupiga lehemu.

Kuhusu rangi, nina msimamo. Kwa sebule chukua nyeupe ya vuguvugu, Kelvini 2700 hadi 3000. Kwa saluni panda kwenye 4000, mteja aone rangi halisi ya uso wake. Stripu ya rangi tatu ikichanganya ili itoe nyeupe, hutoa weupe wa kibluu, na dada aliyepakwa meikapu chini yake akitoka juani atarudi kugombana. Zile za kuprogramu, ambazo kila kitaa kina rangi yake, ni tamu, ila ziache kwa sasa. Nyingi ni za 5V, kila kitaa kinaweza kula hadi miliampia 60 kikiwa cheupe kabisa, zina mwelekeo wa mshale unaopaswa kufuatwa, na zinahitaji kidhibiti. Ukishamudu paneli ya rangi moja, tafuta kibao kidogo cha kielektroniki cha ESP32 na programu ya bure ya kuongoza taa ya WLED, utafurahi.

Umeme sasa, na hapa naomba utulie. Stripu imeandikwa wati kwa mita. Ile ya vitaa vidogo vya 3528 ni kama wati 4.8 kwa mita, ya vitaa vikubwa vya 5050 ni 14.4. Paneli zetu tano zina mita 4.5. Kwa 3528 ni wati 21.6, kwa 5050 ni karibu wati 65. Pawa saplai, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa 12V, usiibebeshe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa hiyo ya kwanza inatosha 12V ya ampia 3, ya pili inataka ampia 10, kwa sababu ya ampia 5 ni wati 60 tu, na hizo ni kwenye lebo. Saplai inayolemewa inachemka, inalia, taa zinapepesa, na mwisho wake haupendezi ikiwa imefichwa nyuma ya kabati.

Kwa paneli za nyumbani anza na adapta iliyofungwa, kama ya laptop, siyo ile ya bati yenye matundu. Ya bati ina skrubu zilizo wazi zenye 230V, na watoto wana vidole. Ukilazimika kuitumia, iweke ndani ya boksi lenye kifuniko na hewa, unganisha waya wa ethi wa kijani na njano, na kabla ya kuchomeka chungulia ubavuni: nyingi zina kiswichi cha kuchagua 110 au 230. Kikiwa kwenye 110 hapa kwetu, unasikia "pa!" na saplai imekwisha. Ukitaka soketi mpya ukutani au waya upite ndani ya plasta, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Sisi kazi yetu ni upande wa 12V.

Ukitaka kupunguza mwanga, dima iwe ya 12V, ikae kati ya saplai na paneli. Dima ya ukutani ya balbu haifai. Na ndugu zangu wa Chanika wanaotumia sola: betri ya 12V ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na kitu, stripu inapata moto na kufa mapema. Tia kidhibiti volti katikati.

Kupiga lehemu ni mazoezi tu. Paka flaksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike, tia lehemu kidogo kwenye shaba ya stripu, tia kwenye ncha ya waya, kisha viguse pamoja kwa sekunde moja au mbili. Ukikawia, shaba inabanduka na kipande hicho cha vitaa vitatu umekipoteza. Vile viunganishi vya plastiki vya kubana siviamini katika hewa ya Dar, chumvi na unyevu huvilegeza. Gundi ya nyuma ya stripu nayo, likifika joto la Januari, inaachia, kwa hiyo kila kona tia tone la silikoni. Kwenye mnyororo wa paneli tano, leta waya wa umeme mwanzoni na mwingine mwishoni, ili ya tano iwake kama ya kwanza.

Watu huogopa bili bila sababu. Wati 40 kwa saa tano kila jioni ni uniti 6 kwa mwezi kwenye Luku. Feni inakula zaidi.

Kutundika: tepu ya pande mbili kwenye ukuta uliopakwa chokaa au rangi ya maji itaondoka na rangi, na mwenye nyumba atakutafuta. Toboa, tia fisha, piga skrubu, paneli ining'inie kwa tundu la nyuma. Chora mpangilio kwanza kwa karatasi zilizokatwa umbo lilelile, zibandike, rudi nyuma hadi kwenye kochi ukae utazame. Hapo ndipo mama mwenye nyumba anaposema isogee kushoto, na ni afadhali aseme wakati ni karatasi.

Ukianza kuuza, mteja atakuonyesha kwenye simu picha ya Nanoleaf, zile paneli za taa za kiwandani, na kusema anataka kama hiyo. Mweleze wazi: ile inabadilisha rangi na inaongozwa kwa simu, yangu ni ya ubao, rangi moja, na ikiharibika naitengeneza mwenyewe. Wengi wanakubali. Katika bei hesabu nauli, gundi, msasa, siku zako za kazi, na vile vipande vitakavyoharibika, si stripu na mbao peke yake. Kifuniko kifunge kwa skrubu ndogo, siyo gundi, maana siku kipande kikizima utahitaji kuingia ndani. Na ile nusu mita iliyobaki kwenye roli usiondoke nayo. Ibandike nyuma ya paneli mojawapo ya mteja, kwa sababu stripu utakayonunua mwakani, hata ikiwa na jina na namba ileile, huenda isifanane weupe.