Jirani Kasema Ubongo Utagandishwa

SWALI: Dada yangu ana mshipa uliofanya puto kichwani. Atapasuliwa, puto libanwe kwa klipu. Jirani anasema ubongo hupoozwa kwa baridi kwanza. Mbona daktari wa usingizi hakugusia hilo, akauliza homa na sukari tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huenda daktari hana mpango huo. Ni kweli, joto likishuka nyuzi 1 ya Selsiasi, matumizi ya oksijeni ya ubongo hupungua kwa asilimia 6 au 7. Lakini utafiti uliochapishwa 2005 uliwapima wagonjwa 1,001 ambao puto lao lilikuwa limeshapasuka: waliopoozwa hadi nyuzi 33 walipona vizuri asilimia 66, walioachwa kwenye nyuzi 36.5, asilimia 63. Tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu. Baridi nayo huchelewesha damu kuganda, huvuruga potasiamu na mapigo ya moyo, na mgonjwa akiamka anatetemeka hula oksijeni ileile uliyokuwa ukiibana.

Maswali ya daktari yalikuwa mahali pake. Homa huudhuru ubongo, ndiyo maana kipimajoto hukaa kwenye umio (njia ya chakula) muda wote. Sukari ya juu huzidisha jeraha palipokosa damu. Kwa hiyo dripu huwa ya chumvi 0.9%, si ya dekstrosi (sukari), ambayo maji yake huuvimbisha ubongo.

Hatari kubwa ni presha kuruka, puto likapasuka kabla ya klipu kufika. Huruka mpira wa kupumulia unapoingizwa, na tena pini za kushikilia kichwa zinapokazwa. Propofoli (dawa ya usingizi) na fentanili (dawa ya maumivu) huongezwa kabla ya hatua hizo. Kusubiri presha ipande ndipo uchome sindano ni kuchelewa.

Ili ubongo ulegee hutumika manitoli, dawa ya dripu inayovuta maji kutoka kwenye ubongo, gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo, kwa dakika 15 hadi 20. Mtu wa kilo 60 akipewa nusu gramu kwa kilo, ni mililita 150 za manitoli 20%. Chupa ikipata baridi hufanya chembe kama za sukari. Ipashwe moto hadi ziyeyuke, ipoe kidogo, ndipo ipitishwe kwenye chujio.

Baridi imebaki na kazi kwenye upasuaji wa mgonjwa aliye macho. Umeme wa kupima kazi za ubongo ukimtia degedege, daktari humwagia ubongo ulio wazi maji ya chumvi ya nyuzi 4 hivi. Chupa hiyo huwekwa tayari, ikiwa bado baridi, kabla ya kipimo hicho. Dada yako atakuwa amelala.