Maswali ya Wasomaji: Mjusi wa Buluu wa Kimboza

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia Morogoro kuna mjusi wa buluu asiyepatikana penginepo duniani. Ikiwa biashara yake imekwisha kudhibitiwa, kwa nini bado anahesabiwa kuwa hatarini? Tena ndugu yangu aliyeko Ujerumani anasema wanauzwa huko. Je, ni halali? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, mjusi huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Lygodactylus williamsi, anaishi katika msitu wa hifadhi wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, na katika vipande vichache vya misitu ya jirani. Kimboza ni msitu wa takriban hekta 400 tu, uliosimama juu ya miamba ya chokaa, na humo humea mikadi, ambayo ndiyo makao yake: katika majani marefu ya mti huo hujificha, huwinda wadudu na hutaga mayai. Jike ana rangi ya kijani. Dume ni buluu iliyokolea, na uzuri huo ndio uliomponza.

Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilikadiriwa kuchukua mijusi wasiopungua 32,000 kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo. Idadi hiyo inatisha, lakini kwa maoni yangu lililo baya zaidi ni kwamba wakamataji, waliposhindwa kumfikia mjusi kileleni, waliukata mkadi wenyewe. Pengo la mjusi aliyechukuliwa laweza kuzibwa na watoto wa wenzake waliobaki, ilhali mkadi ukianguka, hata hao waliobaki hukosa pa kutagia.

Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimwingiza mjusi huyo katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hakiruhusu biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Mkataba, hata hivyo, hauzuii moto kuingia msituni, wala hauzuii shoka la mkata mbao. Tena kuna sedrela, mti wa asili ya Amerika uliopandwa kwa ajili ya mbao, ambao mbegu zake hupeperushwa na upepo na kuota kila palipo na uwazi, hata ikawa miti ya asili inakosa nafasi ya kurudi.

Kuhusu Ujerumani, wanaozaliwa mikononi mwa wafugaji waweza kuuzwa kihalali, mradi wawe na hati rasmi inayothibitisha asili yao. Muuzaji akishindwa kuionyesha, ndugu yako asinunue.