Nilianza kwa kupoteza kujiamini, kisha nikajiamini upya

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati humwongezea mwalimu kujiamini na kuridhika na kazi, au ni mzigo mwingine tu wa kuandika kwenye andalio la somo. Nimefundisha Hisabati shule ya msingi kwa miaka 14, na kwangu ulianza kwa kuninyang'anya hata kule kujiamini nilikokuwa nako.

Zamani nilijiamini kwa sababu niliuliza maswali ambayo majibu yake ninayo. Siku moja, Darasa la Tano, mwanafunzi aliandika kwamba 1/2 kujumlisha 1/3 ni 2/5, nami badala ya kumkosesha nikamwomba atueleze alivyofikiri. Akasema, "Jana nilipata swali moja kati ya mawili, leo moja kati ya matatu, jumla mawili kati ya matano." Darasa likamkubali, nami nikabaki na chaki mkononi, maana kwa hesabu ya maksi mtoto hakukosea. Nikawaambia tutaendelea kesho. Aibu ya mwalimu mbele ya wanafunzi 80 si ndogo.

Kesho yake nilikuja na vipande vya manila vya sentimita 30, vikundi vikavipima kwa rula: nusu 15, theluthi 10, na 2/5 ikawa 12. Kabla sijaitaja asili ya pamoja, yaani namba ya chini inayofanana kwa sehemu zote mbili, sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, tumeongeza halafu ikapungua?"

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na yale aliyoyatenda mwenyewe akafaulu kuliko maneno ya kutiwa moyo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: semina nilizohudhuria hazikunipa kile nilichopewa na swali lile la nyuma, kwa kuwa tangu hapo siogopi tena kuulizwa nisichokijua.

Kuridhika ni habari nyingine. Mshahara haukupanda wala darasa halikupungua, na silabasi inatakiwa iishe kabla ya mtihani. Kilichokuwa kikinichosha zaidi ni kuandika "majadiliano ya vikundi" kwenye andalio kwa ajili ya mkaguzi, kisha kujaza ubao mpaka kengele inalia. Sasa nina kipindi kimoja kwa wiki cha vikundi vya kweli, vingine nafundisha kwa ubao na naandika hivyo hivyo. Mwalimu mkuu nilimweleza mapema. Alinung'unika kidogo, akatia saini.