Bi mkubwa anataka kukaza uso: presha, nyuzi, na lini apande basi la kurudi kusini

Dada wa Masasi, nimelisoma swali lako lote. Bi mkubwa ana miaka 58, anameza dawa za presha, amepata daktari Dar wa kumkaza uso na shingo, na mpango wake ni kupanda basi siku ya tatu ili awahi kumtoa mjukuu unyagoni. Nianze na hilo la basi, maana ndilo litakalomuumiza. Siku ya tatu uvimbe ndiyo uko kileleni, nyuzi bado ziko usoni, na basi la kusini ni kutwa nzima ya mtikisiko na kusinzia kichwa kikiangukia begani. Akae Dar wiki mbili. Akibanwa sana, siku 10, nyuzi zikiwa zimetoka na daktari amemwona kwa macho, si kwa picha ya WhatsApp. Unyago una tarehe yake na watu wameshaalikwa; upasuaji huu hauna haraka yoyote, basi usogezwe huo. Na msiupange katikati ya masika. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na watu wakakwama pande zote mbili.

Sasa kinachofanyika chumba cha upasuaji, kwa sababu masharti yote yanatoka hapo. Daktari anachana kuanzia kwenye nywele za panja, anashuka mbele ya sikio, anazunguka ndewe, anapanda nyuma ya sikio na kuishia kwenye nywele za kisogoni. Ngozi inabanduliwa kutoka shavuni hadi chini ya taya. Chini yake kuna tabaka jembamba la utando na misuli linaloshikilia shavu, madaktari wanaliita SMAS. Hilo ndilo linalovutwa na kufungwa kwa nyuzi, kisha ngozi inalazwa juu, iliyozidi inakatwa, na inashonwa bila kukazwa. Kazi nzima huchukua masaa 3 hadi 5, kwa nusu kaputi au kwa ganzi pamoja na dawa ya kusinzisha. Ikifanywa vizuri hukaa miaka 7 hadi 10. Daktari anayevuta ngozi peke yake anakuuzia kitu cha mwaka mmoja au miwili, na ndewe za masikio huvutwa chini zikashikana na shavu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza ni tabaka lipi atakalolikaza.

Kumbukeni pia kwamba ngozi ile iliyobanduliwa inaishi kwa damu inayoingia upande mmoja tu, wa katikati ya uso. Sehemu iliyo mbali kabisa na damu hiyo ni nyuma ya sikio. Kitu chochote kinachopunguza damu kitaanza kuua ngozi pale: sigara, shisha, ugoro, sukari iliyopanda, bandeji iliyokazwa mno. Tumbaku ya aina yoyote iachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Wazee wengi wa kwetu hawahesabu ugoro kama tumbaku, kwa hiyo muulize waziwazi.

Presha ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa bi mkubwa. Tatizo linaloongoza baada ya upasuaji huu ni damu kuvilia chini ya ngozi, na mara nyingi hutokea ndani ya masaa 24 ya kwanza. Kwenye thieta presha huwa imeshushwa na dawa, mishipa midogo imetulia. Mgonjwa akizinduka, presha inapanda, anatapika au anakohoa, kimshipa kimoja kinafunguka na damu inajaa kwenye nafasi ile iliyobanduliwa. Bonge hilo linaisukuma ngozi kutoka chini na kuinyima damu. Likiachwa masaa mengi, ngozi inageuka nyeusi na kufa, na kidonda chake huchukua wiki kadhaa kufunga. Dalili haijifichi: upande mmoja unavimba kuliko mwingine, unakuwa mgumu, unauma kwa kuzidi, pengine mdomo unabadilika rangi au kumeza kunakuwa shida. Uvimbe wa kawaida huwa wa pande zote mbili na maumivu yake ni ya kubana tu, panadol inayatuliza. Upande mmoja unaouma kuliko jana ni wa kurudi hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, ili nyuzi zifunguliwe na damu itolewe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, presha yake iwe imetulia kwa wiki kadhaa. Nunueni mashine ya mkononi, apimwe asubuhi na jioni, muandike kwenye daftari na kulipeleka kwa mtaalamu wa usingizi. Baada ya upasuaji namba ya juu isizidi 140. Asubuhi ya upasuaji ameze dawa yake kwa funda moja la maji, isipokuwa ameambiwa airuke. Zile za kundi la kaptopril, enalapril na losartan, wataalamu wengine wa usingizi huzisimamisha siku hiyo. Vipimo vya kutegemea ni wingi wa damu na chembe sahani (zile za kugandisha damu), kuganda kwa damu, sukari, figo, na kipimo cha umeme wa moyo kwa umri wake. Daktari asiyeulizia hata kimoja, muagane naye kwa adabu.

Dawa za kuacha: diklofenaki na ibuprofeni siku 7 kabla, maana zinafanya damu isigande upesi, na kwetu diklofenaki inamezwa kwa kila goti linalouma. Vidonge vya vitamini E, mafuta ya samaki, vitunguu saumu vya vidonge na tangawizi ile ya kusaga na kunywa kikombe kizima, wiki 2. Tangawizi ya kwenye chai na kitunguu saumu cha kwenye mchuzi havina neno. Asprini ndogo ya 75 mg ni habari nyingine: kama aliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, asiikatishe mwenyewe, daktari wa moyo na wa upasuaji waongee.

Hili la mkorogo wengi hulificha. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi, na ngozi iliyopakwa steroidi kwa miaka huwa nyembamba kama ganda la kitunguu: inachubuka haraka, uzi unaipasua, kidonda kinachelewa kufunga. Daktari lazima aambiwe jina la krimu na imetumika miaka mingapi. Kukaza uso hakuondoi mabaka ya mkorogo, wala mikunjo midogo ya mdomoni, wala mifuko ya chini ya macho. Ngozi nyeusi ni nene na huchelewa kupata mikunjo. Kinacholegea kwetu ni shavu, taya na shingo. Wapo wanaolipia uso mzima kumbe shida yao ilikuwa kope tu.

Misuko na wigi ya kushonea vitoke, nywele zioshwe usiku wa kuamkia. Piko vidoleni iwe imefutika, kwa sababu kile kibanio kinachopima oksijeni husoma kwa mwanga unaopita kwenye kidole, na rangi nyeusi hukidanganya. Rangi ya kucha vivyo hivyo. Chakula na chai ya maziwa mwisho masaa 6 kabla, kikiwa kizito cha mafuta masaa 8. Maji matupu au chai ya rangi mwisho masaa 2.

(Wanaume mnaosoma kimyakimya: kwenu hatari ya damu kuvilia ni kubwa zaidi, maana ngozi yenye ndevu ina mishipa mingi. Na ngozi hiyo huvutwa kuelekea sikioni, kwa hiyo mtu anaweza kuishia kunyoa ndevu nyuma ya sikio.)

Usiku wa kwanza alale hospitali. Atatoka na bandeji kuzunguka kichwa na pengine mirija miwili ya kutolea damu, ambayo huondolewa baada ya siku moja au mbili. Alale chali, kifua na kichwa vimeinuliwa kama digrii 30, kwa wiki 2. Mito miwili chini ya kichwa peke yake hukunja shingo. Anzeni na mto mgongoni. Kitambaa cha baridi kiwekwe dakika 20 kisha kipumzishwe. Barafu isigusane na ngozi, maana ngozi ile imekufa ganzi na itaungua kwa baridi bila yeye kujua. Atembee chumbani tangu jioni ya kwanza ili damu isigande miguuni. Akipewa tramadol au kodeini, choo kitakuwa kigumu, na kujikamua chooni kunapandisha presha kama kubeba mzigo. Papai na maji mengi viwepo mapema.

Uvimbe hukua hadi siku ya tatu kisha hupungua. Weusi wa damu hushuka shingoni hadi kifuani na kupotea wiki ya pili au ya tatu. Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa siku ya 5 hadi 7, za kwenye nywele karibu siku ya 10. Katikati ya hapo wagonjwa wengi hulia na kujuta, uso umevimba na si wao. Msindikizaji ajue hilo mapema, asianze kupiga simu kwa ukoo mzima.

Akirudi nyumbani, kazi za kuinama zisubiri wiki 3. Kwa maisha yetu hiyo ina maana kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kufagia kwa ufagio mfupi, kufua kwenye beseni, kuinama jikoni kupuliza moto. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kikomo chake ni kilo 4 au 5. Kujitwisha kichwani ndiyo asifikirie kabisa, kunavuta shingo ilipofungwa. Kwenye swala, akae kitini na kuashiria rukuu na sujudu. Kuhusu udhu na bandeji amuulize sheikh wake, ruhusa za mgonjwa zipo. Chakula wiki ya kwanza kiwe laini: uji, wali wa majimaji, samaki wa mchuzi. Korosho na muhogo wa kuchoma vinachosha taya. Ng'onda na dagaa wa chumvi vinavuta maji mwilini na uvimbe unachelewa kuisha.

Kidonda kisafishwe kwa pamba safi na kupakwa dawa aliyopewa, tabaka jembamba. Liwa, manjano na mafuta ya nazi visiguse mshono. Kwa joto la Mtwara na Lindi kati ya Novemba na Machi, jasho chini ya kilemba linaulowesha mshono kutwa. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, ni nafuu kubwa. Jua likipiga makovu mapya na ngozi iliyovilia damu huacha weusi wa muda mrefu, kwa hiyo mtandio mpana, na baadaye krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi.

Ganzi ya mashavu na masikio ni ya kawaida na inaweza kukaa miezi kadhaa. Mshipa wa fahamu unaojeruhiwa mara nyingi zaidi ni ule wa hisia za sikio. Mdomo kupinda au nyusi kutonyanyuka masaa ya kwanza mara nyingi ni dawa ya ganzi. Ikiendelea kesho yake daktari aambiwe. Nyingi hurudi ndani ya wiki au miezi, kupooza kwa kudumu ni nadra. Shavu likivimba kila anapokula kisha likanywea, hayo ni mate yanavuja kutoka kwenye tezi, nayo yanatibika. Na kwa sababu ya ganzi hiyo, akienda saluni, drya ya moto hapana. Rangi na dawa ya nywele baada ya wiki 6.

Kuhusu keloidi uliyouliza, yaani kovu linaloota na kuvuka mpaka wa kidonda: mwangalie masikio alikotogwa, kovu la chanjo begani, na mshono wa uzazi kama upo. Chale za zamani zisikuongoze, zile nyingine zilichanjwa makusudi zinyanyuke. Kama ndewe iliwahi kuota uvimbe uliovuka mpaka wa tundu, ningemshauri aache, kwa sababu mshono huu unapita mahali hapo hapo. Kama hana historia hiyo, kovu likishafunga, wiki ya 3 hivi, atumie karatasi au jeli ya silikoni. Karatasi ivaliwe angalau masaa 12 kwa siku kwa miezi 3. Nyuma ya masikio pakaguliwe kila mwezi mpaka mwaka uishe, maana keloidi hupenda kuanza kuanzia mwezi wa tatu, muwasho ukitangulia. Sindano za triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kusinyaza kovu, kila wiki 4 hadi 6 hufanya kazi zaidi kovu likiwa bado dogo.

Daktari mhakikini kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, awe bingwa wa upasuaji rekebishi, na muulize ni nani atakayetoa dawa ya usingizi. NHIF hailipii upasuaji wa urembo, kwa hiyo bei iandikwe: vipimo, kitanda, mahudhurio ya kutoa nyuzi, na kama damu ikivilia ni nani anagharamia kurudi thieta. Asiondoke bila karatasi ya maelezo ya upasuaji na namba ya simu inayopokelewa usiku. Akiwa Masasi na upande mmoja ukavimba ghafla, au homa, au usaha kwenye mshono, mpelekeni hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda na karatasi hiyo, mpigieni daktari wake simu palepale, na mpeni simu daktari wa zamu aongee naye mwenyewe.