Senti kumi ya mfalme asiyetawazwa

Swali lenu la wiki lilitutaka sisi wakusanyaji tueleze ni sarafu gani za kigeni au za kale tulizozipata karibuni, na ni ipi kati yake tunayoithamini zaidi. Mimi ni mkazi wa Kisumu, na mwaka huu mkusanyiko wangu umeongezeka kwa sarafu tatu tu: rupia ya Malkia Victoria, sarafu ndogo ya shaba ya Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, na senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936. Ile ya Aksum ndiyo kongwe na ndiyo iliyonigharimu zaidi, na rupia ndiyo yenye madini ya maana, lakini ninayoitanguliza ni hiyo senti kumi, ambayo niliipata kwa shilingi mia mbili kutoka kwa muuza vyuma chakavu katika soko la Kibuye.

Ni sarafu pana na nzito yenye tundu katikati. Upande mmoja una taji juu ya tundu, na upande wa pili una pembe mbili za ndovu zilizolikumbatia. Wazee wengi wa huku wanazikumbuka sarafu za namna hiyo, kwa kuwa ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960 na watu walizitunga kwenye uzi ili zisipotee. Kinachoitofautisha yangu ni jina lililoandikwa kandokando ya ukingo: EDWARDVS VIII. Mfalme huyo wa Uingereza alirithi kiti mnamo Januari 1936, akakiacha Desemba mwaka huo huo ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke Mmarekani, na akaondoka kabla hajatawazwa. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya umma, maana kazi ya kuandaa sura yake ilichelewa, naye alishikilia kwamba achorwe akielekea kushoto, ilhali desturi ilikuwa kila mfalme aelekee upande usio wa yule aliyemtangulia. Sarafu yenye tundu haikuhitaji sura ya mtu. Taji na jina vilitosha, na kwa hiyo zile za Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea zikawahi kutengenezwa. Ndiyo maana mchuuzi wa samaki wa Kisumu aliweza kurudishiwa chenji yenye jina la Edward VIII, jambo ambalo mwenye duka wa London hakulipata kamwe.

Senti kumi hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, na ndiyo sababu bei yake iko chini. Hilo halinisumbui hata kidogo. Zilitoka katika viwanda vitatu, na kiwanda kinatambulika kwa herufi: H ni ya Heaton wa Birmingham, KN ni ya King's Norton, na isiyo na herufi ilitoka katika kiwanda cha serikali cha London. Yangu ina H, ambayo niliiona nyumbani kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu uchafu mweusi ulikuwa umeganda kwenye mikunjo yote ya maandishi. Uchafu huo nimeuacha kama ulivyo. Nazitazama kwa uchungu sarafu zinazong'aa mezani kwa wauzaji, ambazo zimesuguliwa kwa ndimu na majivu hadi zikapoteza utandu wa rangi uliojengeka kwa miaka mingi, kwani mnunuzi anayejua anachokitafuta hukata nusu ya bei papo hapo, na ana haki.

Rupia niliinunua kwa familia moja iliyokuwa ikiuza vitu vya marehemu nyanya yao. Imeandikwa 1862, lakini mwaka huo hauaminiki, kwa kuwa viwanda vya India viliendelea kuuandika kwenye rupia kwa zaidi ya miaka kumi. Jambo la hakika ni kwamba inamwita Victoria malkia, si malkia wa dola, cheo kilichoanza kuonekana kwenye rupia mwaka 1877. Rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya hapa wakati reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipofika ziwani mwaka 1901, na kodi ya vibanda ililipwa kwa rupia mpaka zilipoondolewa kuanzia mwaka 1920. Juu ya kichwa cha malkia kuna kovu la risasi ya kuunganishia, mahali ambapo sonara alibandika kitanzi ili rupia ivaliwe kama kidani. Wakusanyaji wengi huiita sarafu ya namna hiyo mbovu. Mimi niliipima kwa mzani wa vito, nikaona inazidi kidogo gramu 11.66 za rupia halisi kwa sababu ya hiyo risasi, nikalipa bila kubishana.

Ile ya Aksum ilitoka kwa mfanyabiashara wa ng'ambo, na sikutuma pesa hadi aliponionyesha karatasi za wamiliki waliotangulia. Haizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ni ya karne ya 4, baada ya Mfalme Ezana kuingia Ukristo na msalaba kuchukua nafasi ya hilali iliyokuwa kwenye sarafu za awali, na kuuzunguka msalaba huo kuna maneno ya Kigiriki yanayosema: hili na liipendeze nchi. Sijaona serikali nyingine iliyozungumza na raia wake kwa adabu kiasi hicho kwenye chenji.

Kwa anayeokota sarafu ya kale shambani au ufukweni hapa kwetu, ushauri wangu ni apeleke habari kwa makumbusho kabla ya kutafuta mnunuzi, kwa sababu sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale, na pia kwa sababu sarafu iliyong'olewa mahali pake bila kuandikwa ilikokuwa huwa imepoteza nusu ya habari zake.

Kwa sasa ninayo senti kumi ya 1936 yenye H na nyingine isiyo na herufi, ambayo nilikuwa nayo tangu zamani. Ninayoikosa ni yenye KN. Msomaji wa Busia, Webuye au Nakuru aliye nayo kwenye mkebe wa vifungo, nitampa badala yake ile ya shilingi arobaini ya mwaka 2003, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ambayo bado haijashikwa na mikono mingi.