Kesi ya Madai Baada ya Kifungo: Niliyojifunza Nikimsindikiza Binti Yetu Mahakamani

Siku hukumu iliposomwa, mshitakiwa alipewa kifungo cha miaka 30 kwa kumbaka binti yetu, na kuamriwa kumlipa fidia ya shilingi milioni 2. Ndugu waliokaa nyuma walimshukuru Mungu, shemeji yangu akaenda kununua soda, na sote tukarudi Ujiji tukiamini kwamba mambo yamekwisha. Ni binti mwenyewe, mtoto wa mdogo wangu, aliyeniuliza jioni ile tukichambua dagaa, "Mama mkubwa, kwani mle ndani mimi nilikuwa nani?" Sikuwa na jibu. Kesi iliitwa Jamhuri dhidi ya yule mtu. Yeye alikuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na hapakuwa mahali popote alipotajwa kuwa mwenye kesi.

Ninaandika kwa ajili ya mzazi, mlezi au mhanga mwenyewe ambaye amefika hapo tulipofika sisi, au ambaye bado hajaanza. Hapa Tanzania kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yaani ya Serikali. Polisi ndio wanaopeleleza, mwendesha mashtaka ndiye anayeamua aite mashahidi gani, na lengo lake ni kumwadhibu mkosaji. Kesi ya madai ni ya aliyeumizwa. Yeye ndiye mdai, ndiye anayeamua kuifungua, kuiendesha au kupatana, na anachokiomba ni kulipwa kwa madhara aliyoyapata. Njia moja haifuti nyingine, na kiwango cha kuthibitisha hakilingani: katika jinai kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi, ilhali katika madai inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya upande wa pili.

Ile fidia ya milioni 2 haikutolewa kwa hisani. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipoifanyia marekebisho Kanuni ya Adhabu, mahakama inayomtia mtu hatiani kwa kubaka inapaswa pia kuamuru amlipe aliyetendewa fidia, na kiasi huamuliwa na mahakama. Tatizo ni kwamba amri ile haijipeleki yenyewe kukusanya fedha, na hakimu anapanga kiasi hicho akiwa na ushahidi ulioletwa ili kuthibitisha kosa. Hakuna aliyemweleza kwamba mtoto aliacha shule mwaka mzima, wala kwamba tuliuza cherehani ili kulipia safari za hospitali. Ukifungua kesi ya madai baadaye, mahakama huzingatia kile ulichokwisha kulipwa kwa amri ya jinai, kwa hiyo hulipwi mara mbili kwa jambo lile lile, lakini pia hufungwi na kile kiasi cha kwanza.

Sasa nizungumzie muda, kwa sababu ndipo tuliponusurika kuanguka. Kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai ya aina hii yanapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Binti yetu alitendewa akiwa na miaka 14, na kwa kuwa mfungwa alikata rufaa, mambo ya jinai yalikwisha kabisa binti akiwa ametimiza miaka 18. Nilipokwenda kuulizia katika ofisi moja, karani alihesabu kwa vidole na kuniambia kwamba tumechelewa, nami nikaamini, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kesi. Karani yule alikosea. Kwa mtoto, muda hauanzi kuhesabiwa siku ya tukio bali siku anapofikisha miaka 18, kwa hiyo binti alikuwa na nafasi hadi atakapotimiza miaka 21. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu ndiye aliyetufungua macho, na hata hivyo tulikuwa tumepoteza miezi saba. Tena tungeweza kufungua kesi mapema zaidi, mtoto akiwa bado mdogo, kwa kuwa sheria inamruhusu mtu mzima kusimama kwa niaba yake akiitwa rafiki wa karibu, hilo hatukulijua. Kwa mtu mzima aliyechelewa, Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, lakini usiozidi nusu ya ule uliowekwa, na nisingemshauri mtu yeyote ategemee mlango huo.

Je, usubiri kesi ya jinai iishe kwanza? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na jibu langu limebadilika kadiri nilivyoelewa. Sheria ya Ushahidi inasema kwamba hukumu ya mwisho ya jinai, baada ya rufaa kuamuliwa au muda wa kukata rufaa kupita, inachukuliwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Kwetu sisi hiyo ilikuwa neema kubwa, kwa sababu binti hakulazimika kusimama tena na kusimulia yote tangu mwanzo. Tuliwasilisha nakala ya hukumu, na mjadala ukabaki kwenye kiasi cha madhara. Lakini sheria hiyo hiyo inakata pande zote mbili, kwa maana aliyeachiwa huru naye huchukuliwa kuwa hakuwa na hatia ya kosa lile. Ndiyo maana ambaye kesi yake ya jinai inayumba, mashahidi hawafiki na jalada halionekani, anapaswa kumwona wakili mapema badala ya kukaa akisubiri.

Vielelezo ndivyo vilivyotuumiza. Fidia mahsusi, yaani fedha ulizotumia kweli, hudaiwa kwa tarakimu na kuthibitishwa kwa karatasi: risiti za dawa, tiketi za basi au treni, stakabadhi za ada ya shule aliyohamishiwa. Mimi sikutunza risiti za miezi minne ya kwanza, na sehemu hiyo tuliiacha. Fidia ya jumla, kwa maumivu, aibu na maisha yaliyovurugika, hupangwa na mahakama, nayo haihitaji risiti, lakini inahitaji mtu wa kueleza. Ripoti ya maandishi ya mshauri wa saikolojia wa hospitali, pamoja na ya afisa ustawi wa jamii, zilisema kwa utulivu yale ambayo mimi ningeyasema kwa kilio. Mambo ya saa za kwanza nayo huja kuwa vielelezo: fomu ya PF3 ya matibabu kutoka polisi, ambako Dawati la Jinsia na Watoto hupokea taarifa hizi, nguo zisizofuliwa zikiwekwa kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa plastiki, na kufika hospitali ndani ya saa 72, ambako kwanza kabisa ni kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU.

Hati ya madai tuliiandika kwa Kiswahili, jambo ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halina tena ubishi, na binti aliisoma mwenyewe kila mstari kabla ya kusaini. Wakili alipatikana kupitia msaada wa kisheria unaosimamiwa na sheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kukutetea, lakini anajua pa kukuelekeza, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inawafahamu watoa huduma waliosajiliwa. Omba pia, mapema na kwa maandishi, kesi isikilizwe faraghani na jina lifupishwe kwa herufi. Katika madai usidhani hilo litafanyika bila kuombwa.

Kama aliyetenda alikuwa kazini, tazama na mwajiri wake. Mwajiri anaweza kuwajibika pale tendo linapohusiana kwa karibu na kazi aliyompa, au pale yeye mwenyewe alipozembea kusimamia, kama vile kupuuza malalamiko yaliyotangulia. Shule au hospitali ikiwa ya serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kama mdaiwa, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Zamani sisi wa Kigoma tulipanda treni usiku kucha kupitia Uvinza na Kaliua hadi Tabora kwa ajili ya Mahakama Kuu. Sasa ipo hapa hapa. Naye aliyenyanyaswa na bosi wake ana mlango mwingine, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, lakini huko muda ni mfupi mno: siku 30 kama ameachishwa kazi, au amelazimika kuiacha kwa sababu ya manyanyaso, na siku 60 kwa migogoro mingine.

Kuhusu maneno ya watu, nitasema kidogo. Mwanzoni kabisa, kabla ya kesi yoyote, wazee wa upande wa pili walikuja na bahasha wakitaka tuyamalize nyumbani, na tulipoikataa tuliitwa wenye roho ngumu. Miaka mitano baadaye, tulipofungua madai, baadhi ya watu wale wale walisema tunamuuza mtoto. Bahasha ya kwanza ilikuwa bei ya kunyamaza, na kosa la kubaka si la kupatanishwa kwenye baraza la nyumba. Fidia ya mahakamani hailipwi ili mtu anyamaze, wala haimpunguzii mfungwa hata siku moja.

Mahakama ilitupeleka kwanza kwenye usuluhishi, kama inavyofanya kwa kesi nyingi za madai. Mdaiwa aliwakilishwa na wakili, kwa hiyo binti hakukutana naye; kama ingekuwa vinginevyo, tungeomba vyumba tofauti. Tulikuwa tumechunguza mali mapema, jambo ninalolisisitiza, kwa sababu nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake haikamatwi katika kukazia hukumu, yaani kumlazimisha alipe alichoamriwa, lakini yeye alikuwa na kiwanja kingine na vyumba viwili vya kupangisha. Ndugu zake walipoliona hilo kwenye karatasi, walikubali kulipa kwa awamu nne, na makubaliano yakasajiliwa kuwa amri ya mahakama.

Awamu tatu zimelipwa, na binti yuko chuoni mwaka wa pili. Ya nne imechelewa. Tumeshapeleka maombi ya kukazia hukumu, na kwa kuwa sheria inatupa miaka 12, tarehe ya mwisho nimeiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa kabati, chini ya bahasha yenye nakala zote.